Mama anakuja Ayalandi, nami sijui nimlaze nyumba ya nani

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, nina miaka 34, na huu ni mwaka wangu wa tano Dublin. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Mwezi wa sita, Inshallah, mama yangu anakuja kunitembelea. Viza imetoka, tiketi imekatwa, na kaka yangu wa Dar ndiye atakayempeleka uwanja wa ndege. Mama ana miaka 68. Ukiacha Mombasa, alikokwenda kwenye harusi, hajawahi kuvuka mpaka.

Nimepewa siku tatu za mapumziko mfululizo, nikapanga nimpeleke Doolin, kijiji kilichoko pwani ya magharibi, kaunti ya Clare. Nina sababu yangu. Mwaka wangu wa kwanza hapa, mwezi wa Novemba, baba alifariki nami sikuweza kwenda kumzika. Wenzangu kazini wakanichangia, wakaniambia toka kidogo, nenda kaone bahari. Nilishuka kwenye basi pale Doolin giza limeingia, mvua na upepo, nimelowa chapachapa. Nilikuwa nimechukua chumba kwenye nyumba ya B&B, zile nyumba ambazo mwenyewe anaishi humohumo na anakupa chumba na chai ya asubuhi. Mama mwenye nyumba alinifungulia, akanitazama, hakuuliza kitu. Alinivua koti akalitundika karibu na moto, akaniletea chai na mkate wa kahawia uliopakwa siagi nene. Nikaanza kulia. Yeye akakaa kiti cha pili, akafuma soksi yake mpaka nilipomaliza. Tangu siku ile nasema, mama yangu akija atalala nyumba kama hii.

Yule mama sasa amezeeka, ameacha kupokea wageni. Nimetafuta nyingine, nimebaki na mbili. Ya kwanza iko Fisher Street, katikati ya kijiji. Mwenyewe ni mama mtu mzima, na kwenye picha kuna vitanda vyenye mablanketi ya sufu na mbwa mkubwa amelala mlangoni. Vyumba vyote viko ghorofani, na mama yangu magoti yanamsumbua. Ya pili ni nyumba mpya, nje kidogo ya kijiji. Mlango unafunguliwa kwa namba wanazokutumia kwenye simu, chai ya asubuhi unaikuta kwenye friji ya chumbani, hukutani na mtu yeyote. Chumba kiko chini, choo ndani.

Nilipompigia mama nikamwambia tutalala nyumba ya kulala wageni, alinyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, na uzee huu nikalale gesti?" Unajua gesti za kwetu zinavyosemwa. Nikamweleza kuwa hii ni nyumba ya familia, ndipo nikaharibu zaidi: "Hao ni ndugu zako? Kama si ndugu, tunakwenda kukaa kwao kwa lipi? Na tukiwalipa watatuonaje?" Kaka naye akanitumia sauti ndefu ya WhatsApp. Anasema nataka kumdhalilisha mama, kumlaza kwa watu wanaokaanga nguruwe asubuhi, kama vile hana watoto. Anasema nichukue hoteli Galway mjini, yeye atatoa nusu.

Na kuna jambo sijamwambia mama wala kaka. Miaka miwili iliyopita, katika kijiji kingine, nilikwenda na rafiki yangu, chumba tumeshakilipia. Mwenye nyumba alipofungua akaona mitandio yetu, akasema kuna makosa, chumba kimechukuliwa. Dirishani kwake kulikuwa na kibao kinachosema nafasi zipo. Pesa alirudisha. Tulirudi kituoni na mabegi yetu bila kusemezana. Hilo likitokea mbele ya mama yangu, sijui nitauweka wapi uso wangu.

Nyumba zote mbili zinataka jibu Ijumaa. Nifanyeje?

Binti wa Pangani, Dublin

*

Marahaba, mwanangu. Na pole kwa baba, hata kama miaka imepita. Msiba ambao hukuuzika kwa mikono yako hukaa muda mrefu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona swali la vyumba: cha juu au cha chini, cha kijijini au cha mjini. Mara ya pili nikaona linalokukosesha usingizi ni yule atakayewafungulia mlango. Mmoja alikufungulia akakuvua koti lililolowa. Mwingine alikufungulia akakurudisha barabarani. Sasa unamleta mama yako kutoka Pangani, na hujui safari hii atatokea yupi. Hofu hiyo ni ya haki kabisa, sitakwambia uitupe. Ila tuitazame pamoja na mengine, maana mengine nayo yana uzito wake.

Tuanze na mama. Unaandika kana kwamba amekataa. Mimi sioni mahali alipokataa. Nimeona ameuliza: tunakwenda kwao kwa lipi? Ni swali la mtu aliyelelewa kwenye adabu ya pwani, ambako mgeni halipi, na anayelipa hawi mgeni. Aliyemjibu ni kaka yako, wala si wewe. Umemtajia "nyumba ya kulala wageni" akaona kile kibao cha barabarani chenye taa nyekundu, halafu ukamtajia "familia" akaona anakwenda kuwa mzigo kwa watu asiowajua. Maneno yote mawili hayakumfikisha.

Jaribu kumwambia hivi. Wanawake wa vijiji vile, wengi wao wake za wakulima na wavuvi, walianza zamani kufungua vyumba vya ziada ili wapate pesa iliyo mikononi mwao wenyewe. Kwa lugha yao ya Kiayalandi huitwa *bean an tí*, mwanamke wa nyumba, na ni jina la heshima. Katika maeneo ambako lugha hiyo bado inasemwa nyumbani, wanawake hao hupokea pia wanafunzi wanaokuja kila kiangazi kujifunza. Ni kazi yake, kama mama wa mtaani kwenu anayekaanga vitumbua barazani. Unakaa kwenye baraza lake, unakula, unamlipa, mnaulizana hali za watoto. Hakuna anayesema umekwenda kumwombea chakula. Nadhani mama yako akiletewa picha hiyo, swali lake la "watatuonaje" litapungua makali. Na kama halitapungua, utakuwa umelisikia jibu lake mwenyewe, badala ya la kaka.

Sasa wewe. Nataka nikuulize kwa upole: unampeleka mama Doolin ili aone bahari, au unampeleka ili akutane na yule mama wa soksi? Kwa sababu yule hayupo. Nyumba nyingine itakuwa na mwenyewe mwingine, na mwezi wa sita si Novemba. Novemba kijiji kinalala, nyumba nyingi zinafungwa, na mwenye nyumba ana jioni nzima ya kukaa na mgeni mmoja anayelia. Mwezi wa sita ana vyumba vitano vimejaa, mashuka ya kufua, na watu wa baiskeli wanaotaka chai saa moja na nusu. Anaweza kuwa mtu mwema sana na bado asipate dakika kumi za kukaa nanyi. Nisingependa umlinganishe na mwenzake aliyekukuta ukiwa na msiba, halafu urudi Dublin na huzuni. Na ile habari ya Novemba, mama anaijua? Barua yako haisemi. Pengine hajui kwamba binti yake alilia msiba wa baba yake jikoni kwa mtu. Akijua, huenda akaielewa safari hii bila maelezo mengine.

Nyumba ya Fisher Street, basi. Mimi nimelala kwenye nyumba za namna ile zaidi ya mara moja, na naweza kukwambia mama atakutana na nini. Ngazi zake huwa nyembamba, zimetandikwa zulia, na pale zinapokata kona hakuna pa kushika. Kwa mtu wa magoti hilo ni zito kuliko mbwa na nguruwe vikiwekwa pamoja, kwa sababu atapanda na kushuka kila atakapotaka chai. Bafuni anaweza kukuta kikamba kinaning'inia darini. Asipokivuta, umeme wa bomba la mvua hauwaki na atajimwagia maji ya barafu. Asiyeambiwa hukitazama tu. Sakafu ni za mbao na zinalia. Mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne usiku, na alfajiri inaanza watu wamelala usingizi mzito, kwa hiyo mama akiamka kutawadha atadhani nyumba nzima inamsikia. Haya yote yana dawa, lakini dawa yake ni mwenye nyumba kujua mapema.

Kuhusu chakula, kaka yako hajasema uongo. Chai ya asubuhi ya Kiayalandi ni nyama ya nguruwe iliyokatwa vipande vyembamba, soseji za nguruwe, na vile vipande vyeusi vilivyotengenezwa kwa damu. Kuna na vyeupe, visivyo na damu, ambavyo mtu anaweza kudhani ni salama; navyo ni nguruwe. Mayai mara nyingi hupita kwenye kikaango hichohicho. Lakini mezani hapohapo kuna uji wa shayiri, mkate ule wa kahawia usiotiwa hamira, siagi, jemu, matunda, na mara nyingine samaki wa samoni. Mwenye nyumba akiambiwa jana yake, atachemsha mayai kwenye sufuria yake. Kinachomshinda ni kuambiwa saa mbili asubuhi, sahani ikiwa mkononi.

Mbwa nao ni watu wa nyumbani kule. Wengi huzuiwa wasiingie vyumba vya wageni wala chumba cha kulia, lakini mlangoni watakunusa. Uliza kama anaweza kufungiwa nyuma mnapofika. Ni ombi la kawaida, hata wazungu wanaoogopa mbwa huliomba.

Ndiyo maana naona, kabla ya Ijumaa, usiandike ujumbe. Piga simu. Mwambie jina lako, mwambie unakuja na mama yako wa miaka 68 kutoka Tanzania, Waislamu, hamli nguruwe, yeye ana magoti mabovu na anaamka usiku kusali. Kisha nyamaza usikilize. Anayewataka ataanza mwenyewe kutafuta njia: atasema chumba cha chini analala mwanangu, nitamhamisha, au atasema ngazi zangu mbaya kweli, lakini jirani yangu ana nyumba isiyo na ghorofa. Kule wanajuana, na nyumba za chini, zilizojengwa kandokando ya barabara, ni nyingi. Anayesita, umemsikia akisita wewe ukiwa peke yako Dublin, mama akiwa bado Pangani. Mlango ule wa miaka miwili iliyopita ulikuumiza hivyo kwa sababu ulifunguliwa ukiwa umeshafika. Simu haikupi uhakika wote, sitakudanganya, sauti tamu zipo na nyuso zake tofauti. Ila inapunguza.

Kama utasikia amani zaidi, angalia pia kama nyumba ina kibali cha Fáilte Ireland, mamlaka ya utalii ya nchi ile. Kwa B&B kibali hicho ni cha hiari, kwa hiyo nyumba isiyo nacho si lazima iwe mbaya, lakini iliyo nacho imekaguliwa, na una pa kupeleka malalamiko.

Nyumba ya namba za mlangoni ina faida ambazo usizidharau: chumba cha chini, choo ndani, hakuna mbwa, hakuna kikaango, na hakuna mtu wa kuwarudisha. Mama atasali saa yoyote. Hasara yake ni kwamba ukikwama hakuna wa kumgongea, na "nje kidogo ya kijiji" ni maneno ya kuyapima. Doolin haikukusanyika pamoja kama vijiji vya kwetu. Imetawanyika, na nyumba inaweza kujiita ya Doolin ikiwa mwendo mrefu kutoka kituoni, barabara nyembamba isiyo na njia ya miguu, magari yanapita. Hukusema kama una gari. Kama huna, uliza ni mita ngapi kutoka kituo cha basi hadi mlangoni, na kutoka mlangoni hadi mahali pa kula samaki jioni, maana B&B kwa kawaida hazipiki chakula cha jioni. Swali hilo waulize wote wawili. Bei nayo iulize vizuri: nyumba nyingi za kule hutaja bei ya mtu mmoja anayelala chumba cha wawili, nawe ukadhani ni ya chumba kizima.

Na hoteli ya Galway? Kaka yako anaitaja kama heshima, na ninamwelewa. Yuko mbali, kilichobaki mkononi mwake ni kutoa pesa. Usimjibu kwa hasira. Hoteli ya mjini mara nyingi ina lifti, na Galway mtapata chakula halali bila kuzunguka sana. Basi namba 350 linatoka Galway kupitia Doolin, majabali ya Moher na Lahinch hadi Ennis, kwa hiyo mnaweza kwenda na kurudi siku moja. Lakini ni saa nyingi za kukaa kwenye kiti kwa mama wa miaka 68, mabasi ni machache, na mtakimbizana na la kurudi wakati jua bado liko juu. Jioni, ambayo ndiyo uzuri wenyewe wa pwani ile, itawakuta njiani.

Kuna njia ya nne hukuitaja, nyumba ndogo ya kukodi yenye jiko lake. Mama angepika, na wewe unajua mama akishika sufuria hofu zote zinashuka. Ugumu ni kwamba kiangazi wenye nyumba hizo hupenda kukodisha wiki nzima. Kupata siku mbili si rahisi, ila kuuliza hakugharimu kitu.

Jambo jingine kuhusu bahari yenyewe, kabla hujalipa popote. Umesema mama aone bahari. Kuiona au kuikanyaga? Doolin ni mwamba mtupu wa chokaa, hakuna mchanga, na kutoka Fisher Street hadi gatini ni kutembea hasa. Kama mama atataka kuvua viatu na kulowesha miguu kama anavyofanya Pangani, mchanga uko Lahinch, na basi lilelile linapita hapo. Maji ni baridi ya kuuma hata mwezi wa sita, na upepo hauna huruma, kwa hiyo sweta mbili. Wapo wanaolala Lahinch wakaitembelea Doolin mchana. Wewe moyo wako uko Doolin, najua. Magoti na miguu ya mama vipo wapi, hilo muulize yeye.

Halafu kuna kitu ambacho ningependa umpe popote mtakapolala. Pangani jua linatoka baharini. Miaka yake 68 mama amelizoea likichomoza upande ule. Ukimweka Doolin saa nne kasoro usiku, na mawingu yakikubali, ataliona likiingia majini, visiwa vya Aran vikiwa vyeusi mbele yake. Akisimama kusali Pangani bahari iko mkono wake wa kulia. Pale ataelekea mashariki, akikata kidogo kusini, na bahari itakuwa nyuma yake. Mweleze kabla, atafurahi kulijua.

Kuhusu ule mlango uliofungwa, sijui kama umwambie mama sasa, baadaye, au usimwambie kabisa. Ukimwambia kabla ya safari, anaweza kuja amejikunja, akimwogopa kila mtu. Usipomwambia na likatokea tena, mtalibeba wawili kwa ghafla. Wewe ndiye unayejua moyo wa mama yako. Ninachokiomba ni kwamba umwambie mtu mmoja, kaka yako pengine. Anadhani unabishana naye kuhusu nguruwe na gesti. Hajui kwamba na wewe unamlinda mama, tena kuliko yeye, kwa sababu wewe umeshaona kinachoweza kutokea. Akijua, huenda ile nusu yake akaitoa kwa nyumba yoyote mtakayoichagua.

Mpigie mama leo, umsimulie ya Novemba kwanza, vyumba baadaye. Kesho umpigie yule mama wa Fisher Street. Ukipata jibu, niandikie, nami nitafurahi kusikia hata kama mmeishia Galway. Na mwambie mama atie kopo lake la chooni kwenye begi, kule hatalipata.